Zizi Lisilo na Mbuzi

Kwaru, kwaru, kwaru. Nilikuwa bado kitandani, na ningeapa kwamba ni bibi anakwangua ukoko wa sufuria. Lakini bibi alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba changu na kikombe cha uji mkononi, anasikiliza kama mimi. Sauti ilitoka shambani, upande wa mikorosho.

Tulimkuta kijana amepiga magoti kwenye udongo mwekundu, anaukwangua kwa mwiko wa mwashi, na wenzake wawili wakifunga kamba kwenye vigingi. Ofisi ya kata ilikuwa imetuarifu kwamba watafiti wa mambo ya kale wangepita kabla ya tangi la maji kujengwa. Shamba la bibi ndilo lililoinuka kuliko yote pale Makote, na tangi, kama mkwe mkubwa, hukalishwa juu. Bibi hakuwa na ugomvi na tangi. Bomba la kwanza lingewekwa karibu na jiko lake, na yeye ameteka maji bondeni tangu hajavunja ungo.

Kijana alimwamkia vizuri, akaitikiwa, akaulizwa kwao wapi. Akasema Songea.

“Mngoni,” bibi akaniambia, kana kwamba mwenyewe hayupo. “Wamerudi. Safari hii wamekuja na mwiko, watusongee ugali wa udongo.”

Ndivyo utani wetu ulivyo. Babu zao walikuja kuwateka babu zetu, na sisi wajukuu tumerithi ruhusa ya kutukanana bila kununiana. Kijana alicheka, akajibu kwamba babu zake walisifu sana ugali wa huku, ila wenyeji walikuwa wanakimbia kabla haujaiva.

Kisha akatuonyesha alichokipata. Katika udongo mwekundu kulikuwa na madoa meusi ya duara, yamefuatana, yakipinda taratibu kuelekea kwenye mikorosho. Nguzo ikioza, alisema, udongo mwingine hushuka na kukaa mahali pake, na rangi yake haifutiki. Niliyatazama madoa yale, miti iliyobaki kivuli tu, machozi yakanilenga. Bibi akaniuliza kama nimeingiwa na vumbi.

Kijana hakuficha jambo. Kama ule ulikuwa uzio wa juzijuzi tu, wangeuchora, wangeupiga picha, na tangi lingejengwa. Kama ni boma la kale, tangi lingehamia kilima cha ng’ambo, na bomba lingelifuata.

“Zizi,” bibi akasema papo hapo. “La mbuzi wa babu yangu.”

Jikoni, tukimenya ming’oko, vile viazi vya porini, nilimuuliza mbuzi hao wametoka wapi, maana mimi nimekua nikibembelezwa kwa hadithi ya boma la vita lililosimama hapo hapo. Hakuinua macho.

“Wewe si kazi yako kutunga? Basi nisaidie uongo huu mmoja.”

Nikaendelea kumenya. Boma lile halijawahi kumletea hata ndoo moja.

Wiki nzima kijana alikuja na maswali, na wiki nzima mbuzi waliongezeka. Kulikuwa na beberu mwenye ndevu nyekundu, na jike mmoja mlafi aliyepanda juu ya paa na kula makuti. Kijana alisikiliza kwa adabu, akala ming’oko, akashukuru. Mwishowe, mchana mmoja, alinawa kwa maji kidogo sana, kama mtu anayejua yalikotoka, akasema:

“Basi nimeelewa, Bibi. Babu zangu walipokuja huku, babu zenu waliingia zizini wakajificha katikati ya mbuzi. Nitawapelekea habari wazee wa Songea. Watafurahi.”

Bibi akaweka kisu chini. Nilimwona anavyojizuia. Alitazama ndoo pembeni, iliyobaki maji ya kupikia tu, kisha akamtazama yule kijana anayetabasamu, kisha ndoo tena.

“Mbuzi gani?” akasema. “Babu yako alilizunguka boma hili mpaka njaa ikamrudisha kwao. Nguzo zilikuwa safu mbili. Hizo mnazokwangua ni za ndani. Za nje ziko chini ya mikorosho, na mlango ulitazama bondeni, mwembamba, mtu anapita ubavuubavu. Hakupita Mngoni pale. Hata mmoja.”

Kijana hakucheka. “Nisamehe, Bibi,” akasema, na hapo ndipo bibi alipolisikia lililotoka kinywani mwake mwenyewe.

Safu ya pili walianza kuiona kesho yake, chini ya mikorosho. Bibi aliketi kwenye kigoda kando ya shimo, akisema amekuja kuota jua tu, na kila walipokosea upande aliwakemea. Tangi likahamia ng’ambo.

Siku ya kuondoka, kijana alikuja kuaga na pikipiki iliyofungwa madumu mawili ya maji. Alisema ni faini. Mtani akimkosea mtani, hulipa.

Bibi akaonja kwa kiganja, akatema pembeni. “Ya matope,” akasema. Halafu, kwa sauti ya chini: “Nilisema hakupita Mngoni. Amepita mmoja. Nimemfungulia mwenyewe.”

“Kwa ubavuubavu, Bibi.”

“Toka nyumbani kwangu.”

Akatoka, ameinamisha kichwa kwenye mlango ule mfupi, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Bibi alikuwa ameshika dumu kwa mikono yote miwili, kwa hiyo akausukuma mlango kwa mguu, ukafungika.