Mama Alipopiga Magoti Kazan

Harufu ya kahawa ya kutafuna ilitutangulia kuingia Urusi. Mama aliibeba kutoka kwetu Isingiro, wilayani Kyerwa, buni zilizochemshwa na majani ya kunukia kisha zikaanikwa mpaka zikawa nyeusi, akazifunga kwenye jani la mgomba na kuzitia kwenye mkoba wake, kwa sababu kwetu mtu haendi ugenini mikono mitupu. Tulipanda ndege tatu, na naapa kwamba kufikia ya tatu hata rubani alikuwa ananukia Kyerwa. Nilikuwa na miaka kumi. Baba alikuwa akisomea udaktari wa mifugo katika mji wa Kazan, na sisi tulikuwa tunakwenda kukaa naye likizo. Siku hiyo alikuwa na mtihani, kwa hiyo alitutumia karatasi yenye namba ya basi la kutoka uwanja wa ndege: tushuke kituo cha mwisho, katikati ya mji, atakuwa hapo anatusubiri.

Katika ndege ya mwisho viti vyetu vilitengana. Mama alikaa nyuma kabisa, mimi nikakaa na dada mmoja aitwaye Neema, mwanafunzi kutoka Dar es Salaam, mwenye koti jekundu na Kirusi kinachotiririka kama maji ya bomba. Nilimpenda mpaka nikaanza kumdanganya. Nikamwambia kwetu tuna ghorofa mbili, gari na mpishi. Nyumba yetu ilikuwa na vyumba vitatu, na ghorofa pekee niliyokuwa nimeikaribia ilikuwa ya hospitali. Tulipotua, Neema akasema basi letu ni moja, tumfuate. Nje, baridi ilinikamata masikio nikadhani yameng'oka, nikayashika kuhakikisha. Mama alikuja nyuma yetu na mizigo yote, khanga juu ya sweta, anatabasamu kwa kila mtu.

Basi lilijaa watu wa makoti mazito, na wote walikaa kimya kama wako kanisani. Mbele yetu alikaa bibi mzee, mweupe hadi kope. Mama akamtazama, akatazama wale watu wanaopita bila kumsalimu, akashindwa kuvumilia. Alishuka kwenye kiti, akapiga magoti kwenye sakafu iliyolowa theluji, kama mwanamke yeyote wa kwetu anavyomsalimu mkubwa wake, akanyoosha kahawa kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mama," akasema.

Basi zima liligeuka. Bibi akachukua punje moja, akaitia mdomoni, uso ukajikunja kama amelamba ndimu, lakini akaendelea kutafuna, akampapasa mama shavuni. Leo naona lilikuwa jambo zuri kuliko yote niliyoyaona Urusi. Siku ile niliona maji machafu tu yakipanda kwenye khanga yake, na vijana wawili wanaocheka.

Neema akaniinamia. "We mtoto, huyu mama ni nani yenu?"

"Dada wa kazi," nikasema.

Sikusema kwa kunong'ona. Mama alikuwa anainuka, ameshika kiti, na Kiswahili alikisikia vizuri sana, hata kama nyumbani tulizungumza Kinyambo.

"Heh! Dada, huku hatupigi magoti," Neema akamwambia, kwa upole kabisa. "Umefanya kazi kwao tangu lini?"

Mama alinitazama mara moja. "Tangu alipozaliwa," akajibu, akaketi, akanivuta kofia ifunike masikio.

Mpaka katikati ya mji niliangalia dirishani mataa na majengo ambayo siyakumbuki hata moja. Basi liliposimama, baba alikuwa pale amekuja mbio, mvuke unamtoka puani kama trekta. "Mama Adela!" akaita, na Adela ndiye mimi, akamkumbatia mama mbele ya watu. Neema akamtazama baba, akamtazama mama, kisha akanitazama mimi. Akachukua begi lake akaenda bila kuaga. Mama akamuuliza baba mtihani ulikuwaje. Likizo nzima nilingoja anishitaki kwa baba. Hakunishitaki.

Baadaye shule ilinishinda, nikaja kumaliza kidato cha nne ukubwani, kwa madarasa ya jioni, huku mama huyo huyo akinilelea mtoto mgongoni. Hata hapo sikumwambia neno. Mwaka huu ndipo nilipojikaza, tukiwa jikoni tunamenya ndizi.

"Mama, ile siku kwenye basi."

"Lipi?"

"La Urusi."

Kisu chake hakikusimama. "Ah, wewe! Ulikuwa mtoto. Sogeza hizo nyingine."

Ningeupokea msamaha huo kwa mikono miwili. Lakini binti yangu ametimiza miaka kumi sasa. Ananitania, ananidanganya, anaiga mwendo wangu mbele ya wenzake, na nikimtazama naona wazi jinsi mtoto wa miaka kumi anavyojua anachokisema.