Hesabu ya Banyani na Kilio ya Mama

Siku yangu ya kwanza ya kazi, Directeur wa stasyo ya Beni alinikalisha mbele ya mashini ya kuhesabu, akasema neno moja tu: "Zungusha." Ilikuwa mashini ya chuma, nzito kama jiwe ya kusagia, na mukono pembeni. Unaweka namba, unazungusha ule mukono, inalia kra-kra-kra, kisha jibu inatokea mu kidirisha kidogo. Mimi Masika, binti ya Vuhovi, bamasista ya Butembo balinifundisha hesabu na kushona, na nilikuwa najua nitashona mpaka nizeeke. Nikazungusha asubuhi yote. Inje, ukungu ya Ruwenzori ilikuwa inashuka polepole mu miti, na mimi nikaona kama ni ile ukungu ninasaga, inatoka namba.

Nyinyi batoto ya leo, munafinya telefone na jibu inaruka. Sisi tulikuwa tunaingoja. Wakati ya kuingoja, akili inatembea, inaenda mbali, inarudia na kitu. Ile kutembea ya akili, njo ilikuwa kazi yenyewe. Nikiifikiri sasa, ile miaka ya Beni inakuja kama ndoto ya mutu mwenye homa kidogo: harufu ya kahawa, sauti ya mashini, na Directeur anapita pita nyuma ya mugongo bila kusema.

Stasyo ilikuwa inachunguza tabia ya banyama, zaidi banyani, bale nyani ya pori, kwa sababu balikuwa banamaliza mahindi ya batu. Directeur alikuwa Mubelgiji mwembamba, hapana mutu wa bunduki. Yeye alitaka modele. "Modele ni dunia ndogo ya karatasi, Mademoiselle," aliniambia. "Unaweka ndani bitu bichache, bile bya lazima tu. Kisha unaiuliza swali, na unanyamaza."

Dunia yetu ya karatasi ilikuwa hivi. Kundi ya banyani ikiamuka, inapima bitu bibili: chakula itapata kule chini, na hatari itakutana nayo. Chakula ikizidi hatari, banashuka. Kila kitu ilipewa herufi yake. Ile yenye kubadilika, kama njaa ya kiangazi, tuliita variable. Ile yenye kubakia vile iko, tuliita constante. Na batu mu mashamba, Directeur alibaweka constante: kila asubuhi bako pale, na jembe zao na makelele zao. Nani angebishana? Mimi mwenyewe nilizaliwa mu ile makelele.

Uhuru ikafika. Beni yote ilicheza, mimi pia nilicheza mpaka kiatu ikakatika. Nyuma kidogo Directeur akafunga valise moja na akaenda, macho nyekundu. Mahali pake akakaa Chef, mutoto wa Butembo, mutu wa hasira ya karibu na moyo muzuri, mwenye kunywa chai siku yote. Chef alinituma kwanza Butembo, mu depo moja ya mabati, na mvua ikipiga hatukusikia hata mashini. Kisha akanirudisha kwetu, Vuhovi, pale milima inashukia bonde ya Semliki. Kazi yangu ilikuwa kukaa kando ya mashamba na jumelles, ile miwani ya kuona mbali, kuandika kila mara kundi inashuka, na kila jioni kuangalia mabua imevunjwa. Siku nimekosa, Chef alikuwa anaijaza na siku ya kati na kati, ni kusema wastani ya siku zingine. Ile ni desturi ya batu ya hesabu, hapana udanganyifu.

Nyuma ya uhuru, vita. Baasi, batu ya kupinga serikali, baliingia mu pori, na basoda ya serikali bakakuja kubatafuta, na Komanda wao, mutu mufupi mwenye kuongea Lingala na kuchanganya Kiswahili. Komanda akakuta maghala ya Vuhovi iko tupu, na mavuno ya musimu ya kwanza imeshapita. Akauliza mahindi iko wapi. Mujomba wangu Paluku, ndugu mudogo wa mama, njo alikuwa kapita, mukubwa wa kijiji. Akajibu kweli: "Banyani balikula, Komanda."

"Yoka! Sikia! Banyani? Hapana baasi?"

Komanda hakuwa mujinga. Akapanda kamio, lori ya Muislamu mumoja wa Beni, kamio alinyanganya kwa kazi ya vita, akaenda kuuliza Chef: kundi zile zinaweza kula mahindi kiasi gani? Chef alikuwa na kiburi na modele yake. Akazungusha mashini, akatoa jibu: banyani banaweza kula sehemu ndogo tu, haifike hata nusu ya ile imepotea. Basi, mambo ikakwisha. Mujomba alifungwa kamba, akapelekwa jela ya Beni, na Komanda akatangaza: kapita mwenye kulisha baasi atapigwa risasi mbele ya soko, batu yote baone.

Nilifika ku bureau ya Chef na vumbi ya barabara bado mu nywele. "Chef, munamuua mujomba wangu na karatasi!"

"Masika, hesabu haijue mujomba."

"Basi tuirudilie!"

Tukairudilia. Kra-kra-kra, mikono ikavimba. Namba zote zilikuwa sawa. Nikalia pale pale juu ya mashini, na Chef akaniletea chai yake mwenyewe, kitu hakufanyaka kwa mutu. Kisha akaanza kuangalia siku ambazo yeye alizijaza na wastani. Zilikuwa mingi.

"Hii siku ulikuwa wapi?"

"Mu kilio, Chef. Mutu alikufa."

"Na hii?"

"Kilio."

"Na hii ingine?"

Nikaandika pembeni ya ile siku: kilio. Ilikuwa mwaka wa vita, batu balikuwa banakufa sana. Na kwetu mutu akikufa, kilima yote inaweka jembe chini. Hakuna mwenye kulima, hakuna mwenye kupiga kelele mu shamba, batu yote bako ku lupango, kiwanja ya nyumba ya mufu, mpaka kuzika. Mimi pia nilikuwa pale. Chef pia, mara mingi, tulikaa ku mukeka moja. Kama ni Directeur, angebakia mu shamba na jumelles yake; tungemuona mutu bila adabu, na angebaona banyani. Sisi tulikuwa na adabu, hatukuona kitu. Tulichukua siku za kilio, tukazijaza na siku za makelele.

Chef akavua miwani. "Mama yangu eh," akasema, sauti ndogo. "Banashuka wakati tunalia. Na mimi nikabaacha batu constante."

Tulikimbia kwa Komanda. Akatusikia mpaka mwisho, kisha akacheka. "Maneno ya kuokoa ndugu. Mimi ninataka kuona na macho. Jumapili ninaondoka hapa na basoda. Mbele ya Jumapili munionyeshe, ama kapita anakufa."

Kumuonyesha nini? Ilitaka kilio, na juma ile, kwa neema ya Mungu, hakuna mutu alikufa. Nilikwenda kwa bazee, nikaomba tufanye kilio ya bure, kilima inyamaze siku moja tu. Bazee bakakataa, hata bale benye kumupenda mujomba. Kulia bila mufu ni kuita kifo kwa jina. Itakuja, itauliza: nani aliniita? Sikubalaumu. Na mimi niliogopa.

Mama alikuwa anachambua maharagi ku mulango. Hakuinua hata kichwa. "Basi munililie mimi."

"Mama, hapana!"

"Hapana nini? Paluku nilimubeba ku mugongo, mama yetu akiwa mu shamba. Kifo ikikuja kuuliza, iko na jina yangu. Mimi nimeshakula dunia, Masika. Endelea na hesabu yako, na uhesabu muzuri."

Siku ya Ijumaa tukamulilia mama yangu. Balimulaza ku kitanda, bakamufunika na kitambaa nyeupe, bamama bakajaa mu lupango na kuanza kuimba. Baliniambia nyuma: wimbo ya kwanza ilipoanza, mama aliinua kitambaa na kugomba, "Ile ni ya banaume! Munaimba nini?" Bakacheka bote mpaka bakashika tumbo, na mu katikati ya kucheka kilio ya kweli ikabakamata. Kila mutu alikuwa na mufu wake wa ule mwaka.

Mimi sikukuwa pale. Nilikuwa kando ya shamba na Chef na Komanda. Ukungu ilikuwa bado chini, mahindi ya musimu ya pili inasimama ndani yake kama batu benye kungoja, na kutoka juu ya kilima nikasikia sauti za bamama zinataja jina ya mama yangu. Hakuna jembe. Hakuna mutoto wa kufukuza ndege. Nilijua mama ni hai, ninaapa nilijua, na machozi ilikuwa inaingia mu jumelles.

Dume mukubwa akatokea wa kwanza. Akakaa juu ya jiwe, akageuza kichwa upande wa kilio, akasikiliza. Kisha bakashuka: badume, bamama na batoto ku mugongo, kundi moja na ingine nyuma yake, bila haraka, kama batu ya kwenda sokoni. Bakavunja mahindi, bakajaza mashavu, bakabeba mikononi. Shamba ilikuwa inakwisha mbele ya macho yetu.

"Nzambe! Mungu wangu!" Komanda akasema, akainua bunduki.

Chef akasukuma mudomo wa bunduki chini. "Komanda, tafadhali. Tunahesabu."

Tukahesabu mpaka kilio ikanyamaza. Mu njia ya kurudi Komanda akaandika karatasi ya kumufungua mujomba. Kesho yake kamio ikamushusha mujomba ku barabara, mwembamba, ndevu mingi. Akaingia mu nyumba, akakaa chini ku miguu ya dada yake mpaka chakula ikaiva.

Modele tukaibadilisha. Kilio ikapata herufi yake, ikakuwa variable, na Chef akaifundisha kwa batu benye kukuja nyuma yetu. Mimi nilizungusha mashini mpaka mashini zikaisha, kisha nikafundisha hesabu hapa Butembo mpaka pensioni. Bijana banakuja ku mulango yangu banauliza siri ya modele nzuri. Ninabaambia: angalia vile wewe mwenyewe unakaa ndani yake. Banaandika, banaenda. Ile ingine, ya mwisho ya mama, sibaambiake.

Mama aliishi miaka mingi nyuma ya ile Ijumaa, na kilima yote ilimuita Mufu Wetu, na yeye alicheka. Kisha asubuhi moja ya mahindi yenye kukomaa, akakufa kweli. Bamama bazee bakakuja, bakanishika mikono, bakasema kwa upole: Masika, huyu tulishamulilia. Mufu haliliwe kilio mara mbili, ya pili itachukua mutu mwingine. Tukamuzika bila wimbo, na mbele ya jua kufika juu ya kichwa batu balirudi mu mashamba yao, na majembe ikaanza kulia kilima muzima.

Nilikaa ku mulango yake na jumelles ya zamani, ninaangalia mupaka ya miti. Hakuna nyani hata mumoja alitokea. Na mimi, siku ile, nilikuwa nataka bashuke, kama siku ya kilio.