Masuku Huokotwa Chini

Sogea karibu, wewe unayenisikiliza, nikueleze habari za msuku, maana mimi niliyepaswa kuujua mti huo ndiye niliyefundishwa.

Nilikuwa bwana shamba, mgeni kutoka Singida, nimepangiwa kazi Mkumbi miaka ile wanunuzi binafsi walipoanza kupanda milima ya Mbinga kutafuta kahawa. Binti yetu wa miaka miwili alikuwa ametoka kuugua malaria. Homa ilikwisha, lakini hamu ya kula haikurudi. Kila kijiko cha uji alikitema. Sukari ilikuwa imeisha dukani. Lori la kuileta lilikwama kwenye matope ya mvua za kwanza. Mke wangu alimpakata tu, akizipapasa mbavu zake.

Jirani yetu, bibi mmoja Mmatengo, alituambia tutafute masuku, matunda ya porini. "Matamu kuliko hiyo sukari yenu."

Sikungoja maelezo. Nilichukua upembo, fimbo ndefu ya kuangulia matunda, nikaingia msituni, nikaangusha kapu zima. Mtoto alionja moja, akakunja uso, akalia. Nilipoonja mimi, ulikuwa ukakasi mtupu, ulimi ulinikauka.

Nikampelekea Bibi lile kapu. "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba." Akachungulia ndani, akacheka mpaka akashika mlango. "Bwana shamba! Umeyachuma kama kahawa? Na serikali inakulipa?"

"Yalikuwa mengi mtini, Bibi."

"Ya mtini ni ya mti. Yako ni yaliyoanguka. Kesho asubuhi uje na kapu tupu, na upembo wako uulaze nyumbani."

Kesho yake alinipeleka kwenye mteremko wa mawe na changarawe. Ningetumwa kuupima, ningeandika kwamba haufai kwa kilimo. Hakuna aliyeulima wala kuutia mbolea. Lakini chini ya miti ile yenye majani mapana, masuku ya rangi ya kahawia yalikuwa yametapakaa kila mahali. Tulisimama tukingoja. Pu! Moja likaanguka mbele yangu. Bibi akalipasua ganda kwa kidole gumba, akanipa. Nyama yake ilikuwa ya manjano, laini, nzito kama asali. Nikajikuta nimevua kofia, kama niingiavyo kanisani. Miaka yote nilifundisha watu kupanda; mlima huu ulikuwa ukiandaa chakula bila kumngoja mtu.

Nyumbani, Bibi mwenyewe aliuchanganya uji na masuku tuliyookota. Mtoto alipoona kijiko akafumba mdomo. Tone likamgusa mdomoni. Akalilamba. Akakitazama kijiko, kisha akafumbua mdomo.

"Haya, mpeni haraka," alisema Bibi, "asije akatafuna na kijiko."

Kikombe kizima cha uji kiliisha. Ndipo mke wangu akalia, kwa mara ya kwanza tangu homa ile ianze.

Basi nawe, mvua za kwanza zikianza, mwombe mwenyeji anayeujua msuku akupeleke asubuhi. Okota yaliyoanguka yenyewe, yanayobonyea kidogo ukiyaminya. Pasua maganda, kamua nyama yake kwenye maji ya uvuguvugu, chuja mbegu zote, kisha mimina kwenye uji ulioiva na kuepuliwa. Koroga, mpe mtoto ungali vuguvugu.