Pofu Aliyefuata Ng'ombe wa Masanja

Mama yangu anazeeka, na kila anapoinuka kutoka kupiga magoti kanisani, goti lake la kulia hulia: ka. Ni mlio mdogo, mkavu, kama kijiti kinachovunjwa na mtu asiyetaka kusikika. Waliokaa nyuma yetu hudhani ni benchi. Mimi hujikuta nimeshatoka kanisani bila kuinuka; niko darasa la tatu, peku, kwenye nyasi zilizoungua, na mbele yangu anatembea mnyama mkubwa kuliko fahali yeyote, ka, ka, ka.

Tulikaa upande wa mashariki wa Ufipa, pale ambapo nchi, baada ya kujitandaza kwa utulivu tangu Sumbawanga mjini, inakatika ghafla na kuporomokea bonde la Ziwa Rukwa. Sisi tulilima mahindi na ulezi. Jirani yetu Mzee Masanja alikuwa Msukuma, alihamia na ng'ombe wake kabla sijaanza shule, na binti yake Kabula ndiye aliyekuwa rafiki yangu. Nilimfundisha matusi mawili ya Kifipa, naye akanifundisha mluzi wa kuitia ng'ombe. Mpaka leo sijui nani alipata faida.

Kiangazi kile moto ulikuwa umepita, na katikati ya weusi wote yakachomoza majani mapya, ya kijani cha kuumiza macho. Masizi yalitupanda mpaka magotini. Tulikuwa tunarudisha ng'ombe kutoka mtoni tuliposikia mlio ule nyuma ya kichaka. Kabula alisema ni ndama ameumia mguu. Hakuwa ndama. Alikuwa pofu, yule swala mkubwa kuliko swala wote, dume, mzee, shingo imegeuka kijivu, ngozi ya koo inaning'inia kama mfuko mtupu. Kila alipokanyaga, miguu yake ililia. Alitutazama, akaona hatuna neno, akaingia katikati ya ng'ombe na kuanza kung'ata vichipukizi.

Kesho yake alikuja tena, na kesho kutwa. Ng'ombe walimzoea upesi kuliko sisi. Walipoelekea mtoni alifuata. Walipolala kucheua alisimama pembeni yao kama baba mkwe aliyekosa kiti. Mzee Masanja alimtazama kwa mbali, akacheka kidogo.

"Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe," alisema. "Sasa huyu nitampaje?"

Mimi na Kabula tulikubaliana kwamba ametupenda. Nawaambia ukweli, sikuona maelezo mengine yaliyohitajika.

Lakini kijijini maneno yalianza. Mnyama wa porini hafuati ng'ombe wa mtu hivihivi, walisema; Masanja ana dawa. Wengine walisema akionekana na mnyama wa serikali bomani kwake atafungwa, na wakimwona Masanja anapita walinyamaza. Kabula aliacha kuja kwetu jioni. Mama yake hakutaka atembee peke yake.

Wakati huohuo nyumbani kwetu palikuwa na jambo langu: komunyo ya kwanza. Gauni lilikuwa limeshonwa, ulezi wa pombe umeloekwa, na kitoweo kilikuwa bado kitendawili. Ndipo akaja baba mdogo Osward, mdogo wake baba, amebeba gobole lililokuwa la marehemu babu. Alikuwa mtu wa maneno machache na uso mgumu, na sisi watoto tulimwogopa kama fimbo.

"Nyama ya komunyo inatembea yenyewe huko malishoni," alimwambia baba. "Mnangoja nini?"

Baba alimfuata kwenda kwa Masanja akijaribu kumtuliza, nami nikawafuata, maana ilikuwa komunyo yangu. Tulimkuta Masanja amesimama mbele ya ng'ombe, fimbo begani. Pofu alikuwa nyuma yake, anakula.

"Shemeji, hapa hapigwi mtu risasi," Masanja alisema. Alimwita kila mwanamume wa Ufipa shemeji. "Ukikosa umeua ng'ombe wangu. Ukipata, watakaokuja watanikamata mimi. Mimi ndiye wa kuja."

"Ni kweli wewe ni wa kuja," baba mdogo alijibu. "Pofu walikuwa wanapanda hapa kwa makundi, kila moto ukipita. Tangu ng'ombe wako walipofika, majani yamekwisha. Huyo ndiye aliyebaki. Hajui afuate nani, anafuata mikia ya ng'ombe wako."

Masanja alinyoosha fimbo kuelekea mabua yetu ya mahindi, yaliyoenea mpaka karibu na ukingo wa bonde.

"Na pale, shemeji, kabla ya jembe palikuwa nini?"

Baba alitazama miguu yake. Baba mdogo alishusha gobole, akalishika kama mtu aliyesahau kwa nini amelibeba, akaondoka bila kuaga.

Asubuhi iliyofuata Masanja aliamua kuteremsha ng'ombe bondeni mapema kuliko kawaida yake. Mimi na Kabula tulimsindikiza mpaka ukingoni, pale upepo unapopanda na harufu ya vumbi la joto. Pofu alikuja nyuma ya ng'ombe wa mwisho. Tulipofika kwenye njia ya kushukia, ng'ombe walifuata njia. Yeye hakufuata. Alikwenda pembeni kidogo, akapenya kati ya mawe mawili ambapo hatukujua kama pana upenyo, akateremka taratibu bila kusitasita hata mara moja. Tulimsikia muda mrefu baada ya kuacha kumwona.

Siku ya komunyo tulikula maharage na jogoo mmoja aliyegawanywa kwa hekima kubwa. Baba mdogo alikuja, akaketi karibu nami, akanong'ona, "Telesia, alishukia wapi?"

Nilidhani anataka kumfuata na gobole. Lakini mtoto hamnyimi baba yake mdogo jibu, tena siku kama ile. Nilimweleza yale mawe mawili. Aliuliza kama alisitasita. Nikasema hapana. Akaitikia kwa kichwa polepole, akasema, "Basi alifundishwa," akaendelea kula.

Wiki zile nilikuwa nikisimama nyuma ya nyumba nikisikiliza mlio wa gobole kutoka bondeni. Haukuja. Masanja aliporudi na mvua, pofu hakuwa naye, na mwaka uliofuata familia yao ilihama tena kutafuta malisho. Kabula sijamwona tangu hapo. Baba mdogo alikuwa akienda ukingoni Jumapili baada ya misa, mikono mitupu, anakaa juu ya jiwe mpaka chakula kinapoa. Tulidhani anapeleleza.

Nilikuwa nimeshazaa nilipoelewa. Baba mdogo alikua akiyaona makundi yale. Akiwa mtoto alipita upenyo ule nyuma ya babu, kama pofu yule alivyoupita nyuma ya wakubwa wake. Alikuja na bunduki kwa sababu hakujua njia nyingine ya kumkaribia mnyama aliyemkumbuka tangu utotoni. Na swali aliloniuliza lilikuwa lile ambalo mtu huulizia ndugu aliyepita usiku bila kubisha hodi: alikuwa mzima? Njia aliijua?