Kivuli Kilichokosa Kikao

Erina Nabirye alipewa sifuri kwa kosa la kusema kweli kuhusu jua. Hakuibia mtihani, hakuchelewa, hakumjibu mwalimu vibaya. Alisimama uani mwa chuo saa sita mchana, akapima kivuli cha fimbo, akaandika alichokiona. Kwa hilo akanyimwa alama zote, huku wenzake thelathini na mmoja, ambao hawakuondoka kibarazani, wakijipatia mia kwa mia.

Chuo hicho cha binafsi kiko mtaa wa Atlabara, katika mji mkuu wa nchi iliyo kaskazini mwa Uganda, nacho huandaa walimu wa shule za msingi. Erina, Mganda wa Jinja mwenye umri wa miaka arobaini na miwili, aliuza nyanya mtaa wa Munuki siku nne za wiki na kusoma siku mbili. Shule moja ya Gurei ilikuwa imemwekea nafasi ya kufundisha darasa la nne, kwa sharti kwamba alete cheti kabla ya mwaka kwisha. Naye hangepata cheti bila kufaulu Utangulizi wa Falaki, yaani elimu ya jua, mwezi na nyota.

Mtu atauliza falaki inamhusu nini mwalimu wa darasa la nne. Jibu ni kwamba mfadhili kutoka nchi ya baridi alikileta chuoni kitabu cha somo hilo, nakala mia mbili, na uongozi, kwa kuogopa kuonekana hauna shukrani, ukalifanya somo kuwa la lazima. Mwalimu Crispus, Mkenya aliyeajiriwa kufundisha hesabu za biashara, alikabidhiwa mbingu yote kwa sababu ratiba yake ya Jumatano ilikuwa na nafasi.

Zoezi la tatu, ambalo bila kulifaulu mtu hafaulu somo, lilimtaka mwanafunzi asimamishe fimbo ya mita moja na kupima kivuli chake saa sita. Jibu, lililopimwa huko kwa mfadhili, lilichapishwa nyuma ya kitabu: sentimita hamsini na tano, kuelekea kaskazini. Tarehe 18 Juni 2025 Erina alipata thelathini na nne, kuelekea kusini.

"Mama, kitabu ulikishika juu chini?" Mwalimu Crispus aliuliza.

"Hapana, mwalimu. Kivuli ndicho kilichoenda kusini."

"Kusini kwa nani?"

"Kusini iliko Nimule, mpakani. Njia ninayopita nikienda nyumbani Uganda."

"Wenzako wote wamekiona kaskazini. Wewe una macho ya namna gani?"

"Wenzangu walikuwa kibarazani wanakunywa soda."

"Hilo halimo kwenye zoezi," alisema, akachora sifuri ya mviringo mzuri kabisa.

Erina hakushangazwa na kivuli. Alishangazwa na watu. Kule Munuki yeye na jirani yake Sanyu waliuzia kando ya ukuta wa ghala. Tangu Aprili hadi mapema Septemba walikaa upande wa kusini, kwa kuwa ndiko kivuli cha mchana kilikoangukia. Miezi iliyobaki walihamia upande wa kaskazini. Katikati ya kuhama kulikuwa na siku mbili tatu mbaya, jua likiwa utosini, ambapo ukuta haukumpa mtu kivuli upande wowote, na wanawake walifungua miavuli na kugombana na kila mnunuzi.

"Nalongo," alisema Sanyu, kwa jina la heshima la mama wa pacha, "wamekupatia ziro juu ya jua? Jua ilienda kulalamika?"

"Kitabu ndicho kilicholalamika."

"Basi mwambie huyo mwalimu akuje hapa saa sita, akae upande wa kitabu. Jioni tutamuuza pamoja na nyanya zenye zimeiva sana."

Erina alikata rufaa kwa maandishi. Wiki saba zikapita. Hatimaye akajibiwa kwamba kamati ingeketi uani Jumatano tarehe 10 Septemba, saa sita kamili, ishuhudie kivuli kwa macho, na uamuzi wake ungekuwa wa mwisho. Aliposoma tarehe aliitambua: ilikuwa wiki ya miavuli. Akaandika barua nyingine, tarehe 25 Agosti, kuomba siku tofauti, akaipeleka mwenyewe kwa mkuu wa chuo, Ustaz Emilio.

"Ustaz, siku hiyo kivuli hakitakuwepo."

"Kitakuwa kimekwenda wapi?"

"Kitakuwa chini ya fimbo."

"Ya mama," alisema Ustaz Emilio kwa upole, akimwita kwa Kiarabu cha mjini na kuitia barua ndani ya faili bila kuifungua, "kamati ikiita, kila mtu anakuja."

Siku ilipofika walikaa watatu: Ustaz Emilio, Mwalimu Crispus, na Daisy, karani aliyekuja na muhuri. Fimbo ilisimamishwa. Saa sita ilipokaribia, kivuli kilifupika, kikafupika zaidi, kikatoweka. Mwalimu Crispus aliizunguka fimbo mara mbili. Akaing'oa, akaipanda pengine. Akasimamisha kalamu. Mwishowe akasimama mwenyewe wima kama askari wa gwaride, na kivuli chake kikajificha chini ya tumbo lake.

"Niandike nini, Ustaz?" aliuliza Daisy.

"Andika kwamba kivuli kilialikwa na hakikuhudhuria."

"Kwa udhuru, au bila udhuru?"

"Bila."

"Kwa udhuru," alisema Erina. "Nilileta barua."

Daisy alifungua faili, akaifungua bahasha, akaisoma kwa sauti mpaka tarehe. Jasho lilikuwa likiwatiririka wote wanne. Ustaz Emilio alimgeukia mwalimu.

"Wewe ulijua kwamba leo hakitakuja?"

"Kitabu hakikusema, Ustaz."

"Huyu muuza nyanya alijua siku kumi na sita kabla. Sasa nani anasoma falaki hapa, na nani anaifundisha?"

Mwalimu Crispus alisisitiza kwamba majibu ya kitabu hayawezi kubatilishwa na fimbo ya uani. Wakajadiliana juani kwa robo saa, kisha Ustaz Emilio akaamua: kwa kuwa kivuli hakikwenda kaskazini wala kusini, kila upande uchukue nusu. Erina akapewa hamsini, ambayo ndiyo alama ya kufaulu.

"Na wale wenye mia, ambao hawakupima?" aliuliza.

"Hao wana kitabu, ya mama. Khalas, imekwisha."

Alijua anastahili mia. Alijua pia kwamba Gurei hawangeuliza ilikuwa ngapi. Akamsogezea Daisy karatasi, muhuri ukagongwa.

Erina aliingia darasa la nne, lenye watoto sabini na wanane, Jumatatu tarehe 9 Februari 2026. Wiki hiyohiyo chuo kilibandika tangazo kwamba zoezi la tatu halitafutwa wala kusahihishwa, bali kuanzia mwaka huo litafanyika mwezi wa Desemba, wauza nyanya wa Munuki wakiwa wamehamia upande wa kaskazini wa ukuta.