Mlinzi wa Posta ya Mjerumani

Mlinzi wa posta ya zamani, ile waliyoijenga Wajerumani, ana mikono isiyotulia. Anagusa kofia, anagusa kifungo cha shingo, anagusa kitasa cha mlango kama anahakikisha bado kipo. Tangu isemwe kwamba wafanyakazi wa serikali watapunguzwa, kila gari likisimama nje anajinyoosha. Sauti yake ni ya chini, mpaka umsogelee ndipo umsikie.

Siku niliyompeleka shangazi Yudith, mgeni kutoka Mlali, kuliangalia lile jengo, alikuja mtalii wa Kizungu akainua kamera. Mlinzi akaruka mbele yake. "Jengo la serikali halipigwi picha!"

"Siku hizi ruhusa," mtalii akasema kwa Kiswahili cha kuokota.

"Nani kasema?"

Mtalii hakujua. Mlinzi naye hakujua, nilimwona. Akatazama dirisha la mkubwa wake, lakini akienda kuuliza ataacha lindo, na kumfukuza mtalii nako siku hizi ni kosa. "Piga," akanong'ona, "ila mimi nisiwemo." Akageukia ukuta palepale mlangoni, paji la uso likigusa mawe.

"We baba, kwani huo mgongo si wako?" shangazi akacheka.

Yeye hakucheka. Kamera ilipolia, mabega yake yalishtuka. "Hiyo picha unaipeleka wapi?"

"Kwetu. Mbali sana."

Mlinzi akashusha pumzi, akaiweka kofia sawa. "Ipeleke hukohuko, bwana. Hata ukirudi, usirudi nayo."