Daraja la Pili

Matokeo ya Kidato cha Nne huhesabiwa kinyume. A ni pointi moja, B mbili, C tatu, D nne, F tano. Huchukuliwa masomo saba uliyofanya vizuri zaidi, pointi zikajumlishwa, na mwenye chache ndiye aliyewapita wenzake. Saba mpaka kumi na saba ni daraja la kwanza. Kumi na nane ni la pili.

Mimi nilipata kumi na nane.

Hesabu na fizikia nilijifundisha mwenyewe kwenye simu iliyopasuka kioo, maana hatukuwa na mwalimu. Huko nilipona. Kilichoniua ni kemia. Mtihanini niliandika upya ukurasa mzima kwa sababu mistari yangu ilikuwa imepinda, na karatasi zikakusanywa sijaligusa swali la mwisho. Nikapata C. Mpaka leo nikifumba macho nauona ukurasa ule, umenyooka vizuri.

Baba ana shamba la mikarafuu kijijini Ole. Aliahidi mapema: daraja la kwanza, nakwenda Kidato cha Tano; chini ya hapo, nabaki nyumbani. Matokeo yalipotoka nikamweleza kwamba hata wa daraja la pili huchaguliwa, na jina langu limetoka. Alikuwa anakula muhogo, hakuinua uso.

"Miye hupeleka karafuu kituoni kuuza. Karani akiona ukufi mmoja wa makonyo, kiganja kimoja tu cha vijiti, hulishusha daraja gunia zima. Ushanisikia nikimweleza?"

"Baba, ni pointi moja tu."

"Na ule ni ukufi mmoja tu."

Mama akajaribu. "Mtoto kajitahidi, Baba Watoto."

"Hata mpeta ilijitahidi kukauka."

Mpeta ni karafuu iliyovunda kabla ya kuona jua. Kaka yangu alicheka mpaka muhogo ukampalia. Tangu siku hiyo hilo ndilo jina langu. "Mpeta, lete maji." "Mpeta, viatu vyangu vi wapi?" Na mimi huitika.

Siku ya kuripoti skuli ilinikuta jamvini, nachambua karafuu. Msimu ulikuwa umeanza. Nilitoa kila kikonyo, kila punje iliyopauka, nikirudia rundo nililokwisha kulimaliza, mpaka kucha zikaingia weusi usiotoka kwa sabuni. Mama aliniambia inatosha. Sikuweza kuacha.

Baba akarudi kutoka kituoni anatabasamu. Magunia yote yalipokewa daraja la kwanza, jambo ambalo lilikuwa halijawahi kumtokea.

"Kumbe waweza weye!" akaniambia, mbele ya wote. "Basi kule mtihanini ulifanya makusudi?" Kisha akamgeukia mama. "Huyu haendi popote. Kazi yake tumeshaiona."

Ningependa kuandika kwamba nililia. Nilifurahi. Nilifurahi sana, hata nikasahau kwa muda alichokisema mwisho. Alipoingia ndani nikainama tena jamvini, nikaanza kuangalia kama kuna kikonyo kilichonipita.